Namna ya kuwaombea marehemu wako, Novemba na miezi mingine: mwongozo kutoka Malindi

Ikifika wiki ya mwisho ya Oktoba simu yangu haipumziki. Mie ni katibu wa jumuiya ya Kikatoliki huku Malindi na kila mwaka maswali ni yaleyale, bahasha za marehemu (zile tunazoandika majina ya wafu wetu waombewe kanisani Novemba) zishatoka, niandike majina mangapi, bibi yangu alikufa hajabatizwa je naeza kumuweka, Misa ya mwaka ya baba, Fada ataikubali Jumapili ama hapana, na mwingine anapiga saa nne usiku yuko ndani ya matatu Mtwapa anataka jibu hapohapo. Kwa hivyo nimekaa nikaandika vile tunafanya, hatua kwa hatua, ili uanze leo, Novemba isije ikakukuta mikono mitupu.

Kwanza jambo moja. Kuwaombea wafu hakukuanza jana. Soma Kitabu cha Pili cha Makabayo sura ya 12, Yuda Makabayo anachangisha watu wake drakma 2,000 za fedha, anazipeleka Yerusalemu sadaka itolewe kwa ajili ya askari wake waliokufa vitani, na hayo yalikuwa zaidi ya miaka 100 kabla Kristo hajazaliwa. Siku yenyewe ya kuwakumbuka marehemu wote, Novemba 2, iliwekwa na abate Odilo wa monasteri ya Cluny, Ufaransa, mwaka 1000 ukikaribia, alafu ikaenea Kanisa zima. Sisi tunasadiki mtu akifa katika neema ya Mungu lakini bado ana madoa anatakaswa toharani, na huko sala zetu zinamfikia na kumsaidia. Yeye mwenyewe hawezi tena kujiombea nafuu, anatungoja sie.

1. Anza na daftari

Nunua daftari la jalada gumu, andika kwa kalamu. Usiniambie uko na simu, simu inaibwa stendi, inaanguka baharini, mtoto anaifuta, daftari laeza kukaa kabatini miaka 30. Kila marehemu mpe mstari wake: jina la ubatizo, jina la kwetu, jina la baba yake, siku aliyokufa, alipozikwa. Ukisema Kadzo tu, Malindi hii akina Kadzo ni wangapi? Mungu anamjua, sawa, lakini wajukuu zako hawatamjua.

Tarehe ndio itakusumbua. Wazee wetu hawana tarehe, wana matukio, watakwambia alikufa mwaka wa Elnino, basi hiyo ni 1997 kuingia 1998, ama alikufa wiki ile ya tsunami, hiyo ni mwisho wa Desemba 2004. Andika hivohivo walivosema, alafu pembeni weka mwaka. Na uende kwa wazee mapema, wakiwa bado wanakumbuka, jioni wakishakula, usiende na haraka zako. Kaa mkekani, anza na swali moja tu, huyu mama yako alikuwa mtoto wa nani? Kutoka hapo wataenda wenyewe.

Niwaambie kwa nini nasisitiza jina. Bibi yangu mzaa mama maisha yake yote aliitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, mama fulani, majirani hivo, wakwe hivo, sie wajukuu hatukumjua kwa jina jingine. Alipokufa, kwenye msalaba wa kaburi tukaandika jina la kikwetu peke yake, na kwa miaka sita kwenye bahasha tulikuwa tukiandika "bibi mzaa mama", basi. Siku moja mama akaniuliza, hivi mwanangu, mama yangu alibatizwa nani? Hakuwa anajua, manake bibi alibatizwa uzeeni na wakati huo mama ashaolewa mbali, kule Garsen. Nikaenda ofisi ya parokia, karani akanitolea rejista ya ubatizo, tukapekua kurasa za miaka mitatu hatukuona kitu. Karani mwenyewe ndo akanipa wazo nimtafute katekista (mwalimu wa dini) wa zamani wa kigango cha kwao bibi, yaani kanisa dogo lililo mbali na parokia. Nikampata, mzee macho yashaisha, amekaa chini ya mwembe, nikamtajia jina la kikwetu akacheka akasema huyo nilimfundisha mie, alikuwa anakuja na kiti chake kichwani, na tulipomuuliza anataka jina gani alisema Anna, kwa sababu Anna ndiye bibi yake Yesu na mie pia ni bibi. Akanitajia na mwaka. Tukarudi kwenye rejista na kweli yuko pale, mstari mmoja wa wino uliofifia. Novemba ile msomaji alipolisoma jina lake kamili, mama alinishika mkono na hakuuachilia mpaka Komunyo.

Kwa hivyo kama hujui jina la ubatizo usikate tamaa, rejista hazitupwi. Nenda ofisini na jina la kwetu, jina la baba yake, kigango chao na makisio ya miaka, na umpe karani muda, kazi ya kupekua vitabu vya zamani haitaki mtu anayesimama mlangoni akiangalia saa.

2. Nani wa kumuandika

Wote. Baba, mama, babu, shangazi, mtoto aliyekufa tumboni, rafiki wa shule, jirani aliyekuazima jembe, hata yule mliyekosana akafa hamjapatana, huyo muandike wa kwanza.

Swali linalokuja sana huku kwetu, Malindi na Lamu, ni la ndugu Waislamu, manake familia zetu zimechanganyika, shangazi aliolewa akasilimu, mjomba alizaliwa Muislamu akafa Muislamu, mie naeza kumuombea? Ndiyo. Kanuni ya 901 ya sheria ya Kanisa inasema padri ana uhuru wa kutolea Misa kwa ajili ya mtu yeyote, awe hai au amekufa. Na bibi yako aliyekufa kabla ya kubatizwa ni vivyo hivyo. Ila tumia busara, kama unajua kusomwa jina la mjomba kanisani kutawauma watoto wake, basi mtaje moyoni, na ukimuombea Misa mwambie Fada aadhimishe bila kulitamka jina mbele ya watu. Na siku ya mazishi yao nenda, kaa barazani na wenzio, wakisoma dua nyamaza kwa heshima uombe kimyakimya. Heshima ya msibani hapa mjini ni ya zamani. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alisimama Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, na kwenye barua yake anasimulia walivyomzika hapa mwenzao aliyefia safarini, na Waislamu wa mji wakapendezwa na namna Wakristo wanavyozika wafu wao. Kile kikanisa kidogo cha Wareno chenye paa la makuti karibu na bahari, pale penye makaburi uani, kinahusishwa na ujio wake. Ukipita pale simama dakika moja uwaombee raha ya milele, waliolala pale wengi hawana ndugu wa kuwajia.

Alafu kuna wasio na kaburi. Mvuvi aliyetoka na ngalawa asirudi, mwili haukuonekana, familia inakaa inasema hatuna pa kwenda kuomba. Jamani, sala haihitaji mwili. Muandike, kwenye sehemu ya alipozikwa andika "baharini", na siku yake nenda ufukweni asubuhi na watoto, msali pale. Na wengine hawana majina. Mwaka 2023 kule msitu wa Shakahola ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa kikundi cha dini kilichohusishwa na kufunga mpaka kufa, mochari ya Malindi ikazidiwa, wengi wao wakakaa muda mrefu bila kujulikana ni nani, na wengi walikuwa watoto. Daftari la jumuiya yetu lina mstari umeandikwa "wa Shakahola, wote", na kila mwaka tunausoma. Hatuuruki.

Usiwasahau pia waliokulisha Neno. Dayosisi yetu ilianzishwa mwaka 2000 na imeshazika maaskofu wawili, Francis Baldacchino aliyefariki 2009 na Emanuel Barbara aliyefariki 2018, wote watawa Wakapuchini, wote wametoka Malta wakafa wakiwa wachungaji wetu. Na katekista aliyekufundisha ishara ya msalaba, huyo mara nyingi hakuna anayemkumbuka.

3. Nia ya Misa ofisini

Misa ndio sala kubwa kuliko zote unayoweza kumpa marehemu, hayo mengine yote yanaifuata. Nenda ofisi ya parokia kuandikisha nia yako, yaani yule unayetaka Misa itolewe kwa ajili yake, wiki mbili kabla ya siku unayotaka, kama ni Novemba nenda mwezi mzima kabla. Beba karatasi imeandikwa kwa herufi kubwa: jina la marehemu, aina ya nia (arobaini, mwaka, kumbukumbu), tarehe, Misa ya saa ngapi, na jina la anayeomba pamoja na simu. Karani ataingiza kwenye kitabu cha nia. Usimuombe Fada nje ya kanisa watu wakimsalimia huku na huku, atasema sawa mwanangu na ikifika jioni ashasahau, naye ni binadamu.

Sadaka ya Misa. Hapa watu wanakosea mara mbili, kuna wanaofikiri wananunua Misa, na kuna wasioenda kabisa kwa sababu hawana pesa. Misa hainunuliwi. Sadaka ile ni mchango wako kwa Kanisa na kwa padri, kiwango chake kinapangwa na maaskofu na ofisini utaambiwa ni ngapi. Kama huna, sema huna. Kanuni ya 945 inawahimiza sana mapadri waadhimishe Misa kwa nia za waamini, hasa walio maskini, hata kama hawakupokea kitu. Nimeona mama mmoja wa jumuiya yetu akikaa miaka miwili bila kumuombea mumewe Misa kwa aibu ya sadaka, muuza mboga, na siku aliyojikaza akaenda Misa iliwekwa wiki hiyohiyo. Viongozi wa jumuiya, hili mliseme mara kwa mara, wanaoona aibu hawatauliza.

Uliza pia kama nia yako itakuwa peke yake ama na za wengine kwenye Misa moja. Kawaida kila sadaka ni Misa yake, na nia za pamoja zinaruhusiwa kwa masharti, la kwanza watoaji wawe wameambiwa na wamekubali. Ukitaka Misa 30 mfululizo kwa marehemu mmoja, zile za Gregori, jua zisikatike hata siku moja, na padri wa parokia mwenye vigango kumi mara nyingi haziwezi, omba ushauri watakuelekeza kwenye monasteri.

Kuhusu siku: Misa ya kumbukumbu yenye sala zake za marehemu haiwekwi Jumapili, chagua siku ya katikati ya wiki ama Jumamosi asubuhi. Jumapili jina laeza kutajwa kwenye nia, Misa inabaki ya Jumapili. Na Misa ya mazishi hairuhusiwi Jumapili za Majilio, Kwaresima na Pasaka, wala Alhamisi Kuu hadi Jumapili ya Pasaka, kwa hivyo usichapishe tangazo la mazishi na kulipia gari kabla hujaongea na paroko. Novemba 2 ni tofauti, hata ikiangukia Jumapili kama mwaka 2025 inaadhimishwa hapohapo, na siku hiyo kila padri anaruhusiwa Misa tatu, ruhusa aliyoitoa Papa Benedikto wa 15 mwaka 1915 wakati vita vikuu vinaua watu kwa maelfu.

Mlio vigangoni, ambako Fada anafika mara moja ama mbili kwa mwezi, mpe katekista nia yako mapema naye ataifikisha. Hilo neno kigango lina uzito wake huku kwetu. Kanisani ni mahali pa sala mbali na parokia, lakini kwa Wagiriama kigango ni ule mti uliochongwa unaosimamishwa kumkumbuka mzee aliyekufa. Vingi viliibwa vikauzwa ng'ambo, na wenye wafu wao wakaachwa na shimo. Mie nikisikia watu wanasema "Misa kigangoni" nafikiria zote mbili kwa pamoja, na naona ni sawa, mahali pa kuwataja waliotutangulia.

4. Bahasha za Novemba

Zikitoka chukua yako mapema. Ndani andika majina kwa herufi kubwa zinazosomeka, jina moja kwa mstari mmoja, ukinakili kutoka kwa daftari. Sio "ukoo wote wa akina fulani", hilo liweke mwisho baada ya majina. Bahasha zinawekwa karibu na altare na marehemu hao wanakumbukwa kwenye Misa za mwezi mzima. Kwingine majina yanasomwa kwa sauti, kwingine hayasomwi kwa sababu ni maelfu, usikasirike.

Wewe msomaji, ukipewa orodha ipitie nyumbani. Jina la Kigiriama ama la Kipokomo usilolijua muulize mwenyewe linavyotamkwa. Usikimbie. Kila jina mpe pumzi yake, manake nyuma ya kila jina kuna mtu amekaa kwenye benchi analingojea.

5. Kaburini

Kuanzia Novemba 1 hadi 8, mwamini anayetembelea makaburi na kuwaombea marehemu, hata kwa moyo tu, aeza kupata rehema kamili (kuondolewa adhabu yote ya dhambi zilizokwisha kusamehewa) kwa ajili ya marehemu, mara moja kwa kila siku. Novemba 2 yaeza kupatikana pia kwa kutembelea kanisa na kusali Baba Yetu na Nasadiki. Masharti: uungame (kitubio kimoja kinatosha kwa siku kadhaa, karibu siku 20 kabla ama baada), upokee Komunyo, usali kwa nia za Baba Mtakatifu, Baba Yetu na Salamu Maria inatosha, na moyo wako uwe umeachana na kila dhambi hata ndogo. Komunyo na sala za Baba Mtakatifu ni kwa kila rehema unayoomba. Hili la kuachana na dhambi ndo gumu, na ndo maana kitubio usikiache mpaka siku ya mwisho foleni imefika mlangoni.

Wengi wetu wafu wetu wako nyumbani, shambani chini ya mkorosho ama pembeni ya boma. Sheria ya rehema inataja eneo la makaburi, sio kaburi moja la nyumbani, kwa hivyo jumuiya yetu hufanya yote mawili, asubuhi tunapita makaburi ya mji alafu kila familia inaenda kwake Ganda, Kakoneni, Marafa. Kama shamba liliuzwa na kaburi likabaki ndani, mpigie mwenye shamba siku mbili tatu kabla, nenda na adabu, beba hata kilo ya sukari. Na ukiuza shamba, kaburi liandikeni kwenye makubaliano kwamba familia itaingia, ugomvi wa namna hii nimeuona na unaumiza.

Tangulia siku moja na panga na jembe. Novemba ni vuli, nyasi zimefika kiunoni, na usafi wa kaburi usiwaachie vijana wa kulipwa kama nyinyi mna mikono, watoto washike reki, ndo watakapouliza huyu alikuwa nani. Msalaba wa chuma huku pwani unaliwa na chumvi, miaka mitano umeoza, na mti laini unaliwa na mchwa. Weka wa sementi ama mbambakofi, na jina lichongwe ama liandikwe sementi ikiwa mbichi, rangi inafutika na jua. Mshumaa uweke ndani ya glasi ama chupa ya jamu iliyooshwa kwa sababu ya upepo, na msiondoke ukiwa unawaka penye majani makavu. Maua, beba asumini ama yoyote yaliyo uani kwako, ya plastiki yanageuka takataka.

Mkifika: ishara ya msalaba, mmoja ataje majina yote ya waliolala hapo kutoka kwa daftari, Zaburi ya 130 ile ya kulilia toka vilindini, Baba Yetu, Salamu Maria, alafu wote, "Raha ya milele uwape ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie, wapumzike kwa amani, Amina." Mkiwa na muda salini rozari, matendo ya uchungu. Kama kuna padri ama maji ya baraka nyunyizeni. Alafu kaeni kidogo, mzee asimulie jambo moja la marehemu. Hapo msiwe na haraka.

6. Jumuiya na matanga

Mtu akifariki, mwenyekiti wa jumuiya ajue siku hiyohiyo, yeye ndo atamjulisha katekista na paroko, na ofisini wataangalia kama marehemu alikuwa anashiriki, zaka na sakramenti zake. Watu wanalalamika hapa, wanasema Kanisa linadai mpaka maiti. Mie nasema hivi, kama unajua mtu wenu alipoa kwa mambo ya dini, nenda mapema ueleze ukweli, alikuwa mgonjwa, alikuwa mbali kikazi, alikuwa na ndoa haijabarikiwa, mara nyingi njia inapatikana. Ukificha mpaka jeneza liko mlangoni ndo mnabishana mbele ya wafiwa.

Sala za matanga zianze saa kumi na mbili na nusu jioni ziishe saa mbili. Nyimbo, somo, rozari, neno fupi la katekista, basi, na watu wale chakula. Nasema saa mbili kwa sababu sote tunajua Kilifi hii usiku wa matanga umegeuka nini, spika zinafungwa eti kuchangisha pesa za mazishi na watoto wa shule wanakesha kwenye disko. Wasichana wangapi wameharibikiwa hapo. Kama familia haina pesa jumuiya ichange, tumia M-Pesa, mweka hazina mmoja, hesabu zisomwe mbele ya watu, mazishi yawe madogo. Jeneza la bei halimfikishi mtu mbinguni.

Na koma? Wazee wetu wa Kigiriama waliwaheshimu koma, waliotangulia, na kuwamwagia tembo la mnazi chini. Kijana Mkatoliki asiwatukane babu zake kwa hilo, walijua kwamba mtu akifa bado ni wetu. Tofauti ni hii: sisi hatuwaombi marehemu watuondolee mkosi wala hatuwaogopi kwamba watatudhuru tukiwasahau. Tunamuomba Mungu kwa ajili yao. Ukiota marehemu analia njaa usikimbilie kwa mganga, nenda kamuombee Misa, alafu mlishe mtu mwenye njaa kwa jina lake. Ndugu wakikulazimisha kuchangia tambiko, kataa kwa upole, useme mie nitatoa kuku huyohuyo kwa yatima na nitaweka Misa, muda ukipita wengine watakufuata. Kwetu ilichukua miaka minne.

7. Miezi ile mingine

Kila Misa kuna kumbukumbu ya marehemu ndani ya Sala ya Ekaristi, baada ya mageuzo, mkate na divai vikishageuzwa. Padri akifika pale taja majina yako moyoni, hata matatu. Wengi hapo wanaangalia simu. Ukisali rozari, ile sala ya Fatima baada ya kila fungu inayoomba roho zote ziongozwe mbinguni, hasa zinazohitaji zaidi huruma, isali ukiwakumbuka. Ukimaliza kula, "Marehemu waamini wapumzike kwa amani kwa rehema ya Mungu." Na Jumatatu jumuiya nyingi huwaombea marehemu, mkiwa na mazoea hayo msiyaache.

Sadaka ni sala pia. Siku ya mwaka wa marehemu, badala ya pilau ya watu mia, lipia mtoto mmoja yunifomu ama peleka unga kwa mgonjwa, bila kutangaza, umwambie tu mpokeaji, nimetoa kwa ajili ya mama yangu, mtaje kwenye sala zako. Hapo marehemu wako amepata mtu mwingine wa kumuombea.

Novemba 30 ikiisha, chukua daftari, ongeza waliokufa mwaka huo, sahihisha majina uliyoyagundua kaburini, alafu lifunge ndani ya mfuko wa plastiki na majani ya mwarobaini kwa sababu ya mchwa na mende. Ukurasa wa mwisho andika nani atalishika baada yako, mmoja kwa jina, na umuite mwaka huu huu akae karibu nawe unapoandika, ajue mwandiko wako na kila mstari ni wa nani. Mie nimemchagua mtoto wa dada yangu, yuko sekondari, na yeye ndo alisoma majina ya kwetu kaburini mwaka jana, jina la Anna akaliweka la kwanza bila kuambiwa.